Sindano Inayotazama Kibo

Mtoto wa Pasua, mtaa wetu chini ya Kilimanjaro, hanunui sumaku. Huibandua kwenye spika ya redio iliyokufa, lile duara jeusi lenye tundu katikati, akalifunga kamba na kuliburuta mtaroni mvua ikishakatika. Linarudi na ndevu: punje nyeusi zimesimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa.

Punje hizo ni mali ya mlima. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na mawe yake yana madini ya magnetiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Mvua huyasaga mawe taratibu na kuzishusha punje hadi mitaroni kwetu. Kwa maoni yangu mchezo huu unafundisha kuliko ule mchoro wa ubaoni wa sumaku ya kwato ya farasi, ambayo wengi wetu hatukuwahi kuishika. Ila watoto wanaukosea mahali pawili.

Kwanza, sumaku inazamishwa mchangani ikiwa uchi, kisha jioni nzima mtu anakwangua punje kwa kucha. Ifunge kwa karatasi ya daftari. Nguvu yake inapenya karatasi kama vile haipo. Ukimaliza, chomoa sumaku, karatasi ibaki mkononi. Punje zitadondoka zenyewe kwenye sahani. Na hizo ndevu zina sababu. Kila punje iliyo karibu na sumaku inageuka sumaku ndogo, ina kichwa na mkia, na kichwa cha moja kinashika mkia wa nyingine hadi unapatikana unywele. Nywele mbili zilizo jirani, vichwa vyao vinafanana, kwa hiyo zinasukumana. Ndiyo maana zinatawanyika badala ya kulaliana.

Kosa la pili linatokea wanapotaka kugeuza msumari uwe sumaku. Ndani ya chuma kuna mafungu madogo mno, na kila fungu ni sumaku. Katika msumari wa dukani yanatazama huku na huku kama wanafunzi saa ya mapumziko, na nguvu ya hili inafutwa na ya lile. Kuusugua kwa sumaku ni kupiga kengele ya mstarini. Sasa watoto husugua mbele na nyuma kama fundi seremala anayepiga msasa: wakienda wanapanga, wakirudi wanapangua. Sugua upande mmoja tu. Ukifika mwisho inua mkono, rudi ukipitia hewani, mara 30 hivi, halafu jaribu kuokota pini. Ukiugongagonga msumari huo kwa nyundo, mstari unavunjika. Sufuria ya alumini usihangaike nayo, haishikwi.

Sehemu ninayoipenda ni ya sindano ya kushonea. Isugue vilevile, ilaze juu ya kipande cha sponji ya godoro, uiache ielee kwenye beseni la plastiki lenye maji yaliyotulia. Itazunguka polepole, itasita, kisha itatulia, ncha moja ikitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Watoto watapiga kelele kwamba mlima unaivuta. Usiwacheke. Mlima una chuma, wameona wenyewe mtaroni, kwa hiyo wamefikiri vizuri. Waulize tu: aliyeko Loitokitok, upande wa Kenya, mlima ukiwa kusini-magharibi kwake, sindano yake itatazama wapi? Itaupa mlima mgongo. Inafuata kaskazini, na ni bahati yetu tu watu wa Pasua kwamba Kibo kimekaa huko. Kinachoigeuza ni Dunia yenyewe, ambayo chuma kilichoyeyuka kinachotembea ndani yake kinaifanya iwe sumaku kubwa.

Mawe nayo yalifanyiwa hivyohivyo. Lava ilipotoka ilikuwa na joto kali mno, mafungu yote yamevurugika. Ilipopoa chini ya nyuzi 580 hivi, punje za magnetiti zilijipanga kufuata Dunia na kubaki hivyo. Lava ya zamani inaweza kutazama kinyume, kwa kuwa sumaku ya Dunia imewahi kugeuka mara nyingi. Mara ya mwisho ni kama miaka 780,000 iliyopita. Mwaka 1963 wanasayansi Grommé na Hay walichapisha vipimo vya lava ya chini kabisa kwenye bonde la Olduvai. Ina umri wa karibu miaka milioni 1.9, wa enzi ambayo mawe mengi yanatazama kusini, lakini yenyewe inatazama kaskazini. Kipindi hicho kifupi cha kutazama kaskazini wanajiolojia wa dunia nzima wanakiita Olduvai.

Sumaku ya spika ni ya kauri, ikianguka sakafuni inapasuka, na jina la mtaa wetu halisaidii. Usiitupe. Kila kipande kina kaskazini yake na kusini yake.