Jina la Sinema na Dhamana ya Mchezaji

Marehemu Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, alikuwa mchezaji wa sinema aliyependwa mno, na umati uliofurika kumzika ulithibitisha hivyo. Lakini sifa ni dhamana, na mwenye dhamana hana budi kuulizwa. Sinema zake husemwa zaidi kwa Kiswahili, ilhali nyingi zimepewa majina ya Kiingereza, kama vile Young Billionaire na Dangerous Desire. Mtazamaji wa Nyakato, Mwanza, asikiaye kila neno la mchezo, huenda asifahamu jina lililo juu ya kasha. Hivyo hufundishwa, pasipo kuambiwa, ya kwamba lugha yake yafaa kulilia na kugombania, lakini haifai kupamba jalada.

Mwaka 2009, alipoalikwa katika Big Brother Africa, Kanumba mwenyewe alichekwa kwa Kiingereza chake. Waliomcheka walikosa adabu. Hata hivyo kicheko kile kilizaliwa na kosa lile lile la kukifanya Kiingereza kipimo cha hadhi. Mchezaji mashuhuri, aigwaye na wengi, ana uwezo wa kukiondoa kipimo hicho. Yafaa aanze na jina.