Aliyepandishwa Juu: Kuisoma Sanamu ya Askari

Katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Samora unapokutana na Maktaba, yupo askari wa shaba aliyeinama mbele, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Wengi wetu tunamtumia kuelekezana njia tu. Lakini sanamu hii ilijengwa kuijibu sanamu nyingine iliyosimama papo hapo, na nusu ya maana yake imo katika jibu hilo.

Wajerumani walikuwa wamemweka pale Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani. Umbo lile lilikuwa la ngazi: juu Mzungu amesimama wima, chini askari Mwafrika akimtazama na kumfunika simba aliyekufa kwa bendera. Waingereza na washirika wao walipouteka mji Septemba 1916, waliing'oa. Baadaye ikapelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha katika miaka ya 1960.

Mwaka 1927 Waingereza wakazindua yao, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Yule wa chini sasa yuko juu, tena peke yake. Ni kazi nzuri, nakiri kwa moyo mmoja: uzito wa mwili umetupwa mbele, na shaba isiyosogea inakuonyesha mtu anayekwenda. Katika mji wa kikoloni, Mwafrika kuinuliwa juu ya jiwe halikuwa jambo dogo. Hata hivyo, mwendo ule ni wa mtu aliyekwisha kuamriwa. Aliyetoa amri haonekani, na kwa kutoonekana hawezi kuulizwa neno. Wissmann alijionyesha wazi kuwa bwana. Hapa bwana amefichwa ndani ya mkao wa askari.

Maandishi yaliyotungwa na Rudyard Kipling, ambayo kwa Kiswahili yamechongwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, yanaenda njia hiyohiyo. Yanamwahidi mtu kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sentensi ni ya masharti, na inasema na "wewe". Marehemu hapewi masharti. Anayesemeshwa ni kijana aliye hai, anayeweza kuandikishwa kesho. Tena nchi ipi? Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo sanamu hii inaikumbuka, Waafrika walikuwa pande zote mbili, chini ya bendera mbili za wageni. Na pale palipoahidiwa jina, askari mwenyewe hana jina.

Nairobi, kwa sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyohivyo, mchongaji huyohuyo alichagua umbo jingine. Watu watatu wamesimama pamoja, na mmoja wao ni mpagazi asiye na bunduki. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hakuna anayeshambulia. Jicho halikimbilii ncha ya singe. Linahama kutoka mtu hadi mtu, na kila mmoja linamkuta kamili.

Tofauti hiyo ni nzito. Jeshi la Uingereza lilipita porini kwa mabega ya watu, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba zaidi ya wapagazi 95,000 walikufa, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hao ndio waliotuachia Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa. Kifo cha namna ile hakina mkao wa kishujaa. Mchongaji anayetaka mwili unaoruka mbele hana pa kumweka mtu aliyelala kando ya njia na mzigo wake.

Kwa ufundi, sanamu ya Dar es Salaam inaishinda ya Nairobi. Kwa ukweli, ya Nairobi iko mbele. Ukipita Samora, simama uyasome maandishi mpaka mwisho, kisha nenda Kariakoo, umbali wa kutembea kwa miguu, ukiwakumbuka wasiowekwa juu ya jiwe lile.