Sifa za Anayeanguka

Steringi hafi. Kila aliyekulia kwenye mabenchi ya vibanda umiza vya kuonyeshea video anaijua sheria hii kabla picha haijaanza, na kwa haki ni sheria ambayo ingepaswa kuua utamu wote. Kama tunajua mapema kwamba risasi zitampita pembeni, kwamba majambazi thelathini watamfuata mmoja mmoja kama waliopanga foleni ya maji, kwamba hata akitumbukizwa baharini ataibuka na hasira mpya, basi kinachotukaza roho ni nini? Wengi watataja uso wa steringi, misuli yake, au hadithi yenyewe. Mimi namtaja yule mwingine, asiye na jina, ambaye ameajiriwa ili apigwe. Mtambaji akisema paukwa na ukumbi wote ukakaa kimya, hakuna ngano siku hiyo. Lazima apatikane wa kuitikia pakawa. Ngumi ya steringi ni paukwa. Pakawa ni namna jambazi anavyoanguka, na nashikilia kwamba filamu za mapigano, hasa hizi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, hupanda na kushuka kwa kutegemea yule anayeitikia.

Tuanze na ufundi wenyewe, maana unadharauliwa na watu wasioujua. Ngumi ya kwenye filamu kwa kawaida haimgusi mtu. Inapita mbele ya shavu, pengine kwa nafasi ya shibiri nzima, na kamera imewekwa mahali ambapo pengo hilo halionekani, nyuma ya bega la mmoja wao. Mlio unaopasua masikio huongezwa baadaye studio. Kwa hiyo mpigaji amepunga hewa tu, na uongo wote umebebwa na mpigwaji. Kichwa chake kitangulie, bega lifuate, kisha kiuno, miguu iwe ya mwisho kupata habari. Akiwahi kidogo, tunacheka. Akichelewa kidogo, tunaona kwamba anadanganya. Halafu kuna sakafu, ambayo yenyewe haiigizi. Kidevu lazima kibanwe kifuani ili kisogo kisigonge, pumzi itoke, mwili ubingirike kwa mshazari kutoka begani hadi nyonga ya upande wa pili, mkono upige chini kusambaza kishindo. Akitoka juu, hupokelewa na maboksi matupu ya kadibodi yaliyopangwa kwa tabaka, au mfuko mkubwa wa hewa, na hutakiwa kutua kwa mgongo. Mcheza sarakasi akimaliza hunyoosha mikono tumshangilie, tumwone kwamba anaweza. Huyu wa kwetu ana mtihani mgumu zaidi: afanye yote hayo aonekane kama mtu ambaye hakutarajia lolote, aliyezidiwa tu. Sijui fani nyingine ambayo ukamilifu wake ni kufanana kabisa na kushindwa.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa mwaka 1972, katika Fist of Fury. Bruce Lee anampiga teke bwana mkubwa wa Kijapani, na bwana huyo anaruka kinyumenyume, anapasua mlango wa mbao na karatasi, na kutua nje bustanini. Vizazi vimesifu teke lile. Lakini aliyepaa si mwigizaji wa nafasi hiyo. Ni kijana aliyevalishwa nguo zake, Jackie Chan, ambaye wakati huo hakuna aliyekuwa akimjua. Ukilikata tukio hilo katikati, ukabaki na mguu wa Bruce Lee pekee, unabaki na mguu ulionyooka. Nguvu tunayoapa kwamba tumeiona mguuni imeandikwa na mgongo wa mtu mwingine. Sisemi hivi ili nimpunguzie Bruce Lee hata chembe. Nasema deni lipo, na halijalipwa kwa kiasi chake.

Chan na wenzake, Sammo Hung na Yuen Biao, hawakuokota ujuzi huo barabarani. Walilelewa katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong chini ya Yu Jim-yuen, mwalimu mwenye fimbo, wakifundishwa kuimba, kusimama kwa mikono na kubiringika toka utotoni. Opera ilipopoteza watazamaji, miili ile iliyokuwa tayari ikahamia kwenye filamu. Ndiyo maana Chan alipokuja kuongoza picha zake mwenyewe alifanya jambo ambalo halikuwahi kuwaingia akilini waongozaji wengi: alimgeuza steringi kuwa yule anayeanguka. Katika Project A ya 1983 ananing'inia kwenye mshale wa saa ya mnara hadi mikono inamwishia, anaporomoka na kuchana vitambaa viwili vya kivuli kabla ya kufika chini. Katika Police Story ya 1985 anashuka kwenye nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, vioo vikivunjika kila upande. Matukio yote mawili yanarudiwa machoni petu, bila kisingizio cha hadithi. Wajuzi wa uhariri wanaweza kuliita kosa, maana mtu mmoja haanguki mara mbili. Kwangu hilo ni sawa na mwimbaji wa taarabu anayerudia ubeti baada ya ukumbi kumtuza: filamu inajua kito chake kiko wapi.

Sasa twende kwa mashujaa wa vitabu vya katuni, ambako hoja yangu inabanwa zaidi. Shujaa anayepaa, anayeinua magari, ambaye risasi zinamdunda kama mvua ya mawe kwenye bati, anaharibu mahesabu, maana anayepigwa naye hana nafasi ya kuitikia. Mwaka 2015 tamthilia ya Daredevil ilijibu tatizo hili katika sehemu yake ya pili tu, kwa tukio la dakika kama tatu ndani ya korido. Wakili kipofu, tayari ana majeraha ya siku iliyotangulia, anamfuata mtoto aliyetekwa. Kamera inakaa koridoni na kusogea taratibu, na macho yetu hayaoni mahali ilipokatwa. Watu wanapigana, wanaingia vyumba vya pembeni, na sisi tunabaki nje tukisikia vishindo tu. Mara maikrowevu inarushwa kutoka mlangoni na kumkuta mtu. Philip Silvera, aliyepanga mapigano hayo, aliwapa majambazi wake kitu ambacho aina hii ya hadithi huwanyima: ukaidi. Wanaanguka na kuinuka. Wanajikokota ukutani, wanarudi. Kila anayeinuka anatuambia kwamba pigo lililopita lilikuwa na mpaka, yaani lilikuwa la binadamu, na kila arudipo shujaa anazidi kuishiwa, anaegemea ukuta, ngumi zake zinakuwa za mlevi. Mpaka anambeba mtoto na kutoka, tumeamini jambo lisiloaminika, mtu asiyeona kushinda chumba kizima. Tumeaminishwa na waliolala sakafuni, waliokataa kulala mapema.

Najua jibu la mashabiki wa upande wa pili. Zama hizi kompyuta inaweza kutengeneza mwili wowote na kuurusha popote, bila mfupa kuvunjika, na shujaa wa kweli wa vitabu vile hafanyi vitu vya mwanadamu hata kidogo. Kumfunga kwenye korido ni kumpunguza. Hoja hii ina nguvu, na siwezi kuifukuza kwa kusema tu kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Lakini ipimwe ndani ya filamu moja, ili tusilinganishe papai na fenesi. Katika Black Panther ya 2018 T'Challa anapigania kiti cha ufalme kwenye maporomoko ya maji, na kabla ya kupigana ananyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu zake. Waandishi wenyewe wanamvua ushujaa ili pambano liwe na maana! Pale miguu inateleza, maji yanazuia, mtu akikabwa anakohoa. Mwishoni mwa filamu ileile, yeye na hasimu wake Killmonger, wote wawili wamevaa mavazi ya kulinda mwili, wanaporomoka kwenye shimo la machimbo na kupigana kando ya reli, miili yao ikiwa kwa sehemu kubwa ya kompyuta. Fedha imetumika huko, uhai umebaki kwenye maporomoko. Machimboni hawaanguki, wanashuka tu, kama karatasi. Jicho la mtazamaji halijasoma fizikia, ila limeona watoto wakidondoka kwenye miembe, na linajua uzito unavyokwenda.

Lazima nikiri, hata hivyo, kwamba kompyuta yenyewe haina hatia. Spider-Man 2 ya 2004 ina treni inayokimbia ovyo na sehemu kubwa ya pambano lake si ya miili halisi, lakini baada ya kuisimamisha kijana anazimia, na abiria wanampokea, wanampitisha juu ya vichwa vyao mkono kwa mkono na kumlaza chini. Hilo ni anguko lililopatiwa watu wa kulidaka. Anayechora kwa kompyuta akikumbuka uzito, nampa heshima zilezile. Na ukosefu wa fedha nao haumzuii mtu kukumbuka. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? iliyotoka mwaka 2010, na moto wake wa kompyuta ni wa kuchekesha waziwazi. Helikopta zinaelea kama vipepeo vya kubandika. Lakini vijana wa mtaani wanaopigwa mle wanatua kwenye udongo wa kweli, vumbi linainuka, na sauti ya VJ Emmie inawashangilia juu ya picha kama mtangazaji wa mpira. Nikilazimishwa kuchagua kati ya vumbi lile na ile reli ya machimboni, sitachukua muda kufikiri.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi. Inakuwaje nisifu kazi inayovunja watu? Mwaka 1993 Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alipigwa risasi na kufa wakati wa kutengeneza The Crow, hadithi nyingine ya katuni, kwa bastola ambayo haikupaswa kuwa na kitu cha kuua. Na hata nguzo ya Police Story niliyoisifia iliunguza mikono ya Chan. Ningekuwa mnafiki kudai kwamba kujua hivyo hakuongezi msisimko wangu. Kunaongeza, na hiyo ni aibu ya shabiki, wala siihesabu kuwa fadhila ya filamu. Jibu langu ni kwamba ajali ni kufeli kwa fani hii, kama ngalawa kuzama ni kufeli kwa fundi wake. Anguko bora ni lile ambalo aliyelifanya anaweza kulirudia kesho asubuhi, na keshokutwa, mwongozaji akitaka. Maboksi, kamba, hesabu za umbali, mazoezi ya wiki nyingi kwa tukio la nusu dakika: huko ndiko ustadi uliko, na anayetafuta damu ya kweli ameingia ukumbi usio wake. Aliyesimama badala ya Brandon Lee ili filamu ile imalizike alikuwa Chad Stahelski. Baadaye akawa mbadala wa Keanu Reeves kwenye The Matrix, na mwaka 2014 akamwongoza Reeves huyohuyo katika John Wick. Tazama kamera yake inavyokaa mbali kidogo na kuvumilia. Mtu aliyeanguka miaka mingi hana haraka ya kukata picha kabla anguko halijafika chini.

Kuna watakaosema naikuza kazi ya kibarua, kwamba sanaa iko kwa mwandishi na mwigizaji na huyu ni fundi tu. Sina la kubishana hapo ila neno "tu". Mwaka 1939, katika Stagecoach ya John Ford, Yakima Canutt alidondoka katikati ya farasi wanaokimbia na kuacha gari zima lipite juu yake. Mwaka 1981 Terry Leonard alipita chini ya lori katika Raiders of the Lost Ark kwa kumkumbuka yeye. Fani ambayo mtu anamjibu mtangulizi wake baada ya miaka 42, kwa lugha ileile ya mwili, ina mapokeo kama ushairi. Canutt alipewa Oscar ya heshima mwaka 1967, kwa upendeleo maalumu, maana shindano la kazi yake halikuwepo. Ndipo mwaka 2025 wenye tuzo hizo wakatangaza kwamba ubunifu wa stanti utakuwa na kipengele chake, kuanzia filamu za 2027, na tuzo ya kwanza itolewe 2028, karibu karne nzima tangu Oscar ya kwanza. Televisheni ya Marekani iliwahi mapema zaidi, kupitia Emmy.

Tuzo hiyo ya Oscar itakwenda kwa wanaobuni na kupanga, na ni haki yao. Aliyetupwa nje ya dirisha atabaki kwenye orodha ndefu ya majina inayopanda mwishoni, herufi ndogo, juu ya muziki ambao hakuna anayeusikiliza. Na kwenye kibanda hata hapo hafiki: steringi akishamkumbatia mpenzi wake, mwenye mashine anachomoa, benchi la mbele linadai picha nyingine, na jina la mtu huyo linakatwa kabla halijapanda.