Mwandishi, Mhandisi na Kesho: Suala la Utabiri katika Bunilizi za Kisayansi

Imekuwa desturi, kila chombo kipya kinapozuka duniani, wasomaji kupekua vitabu vya zamani ili waonyeshe kwamba mwandishi fulani alikwisha kukitaja. Mwandishi huyo hapo hapo huvishwa kilemba cha unabii. Sifa hii, ingawa ni ya heshima, ina hasara yake: humnyima mwandishi haki ya bidii yake ya kusoma na kupima mambo, ikampa badala yake kipawa ambacho hakuwa nacho. Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo upya, kwa kutazama kazi chache ambazo historia yake inajulikana vyema.

Katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili hoja ya unabii imechukua sura yake mahususi. Wako wanaodai kwamba ungo wa wachawi, au zulia la Alfu Lela Ulela, ni ndege kabla ya ndege. Hoja hii hutolewa kwa nia njema, yaani kuonyesha kwamba fasihi simulizi haikuwa nyuma ya dunia, lakini haisimami. Ungo hauulizwi unaruka vipi. Mwenye uchawi huruka, asiye nao hubaki chini, na hadithi huendelea. Shauku ya kuruka ni ya wanadamu wote, na wala haihitaji kutetewa kwa kuitwa uhandisi. Bunilizi ya kisayansi huanza pale msimulizi anapojiona ana deni la maelezo: chombo kina uzito gani, kinasukumwa na nini, kimegharimiwa na nani.

Jules Verne alililipa deni hilo kwa ukamilifu unaokaribia kuchosha. Katika De la Terre à la Lune ya mwaka 1865, anawarusha watu watatu kuelekea mwezini kutoka Florida, na katika kitabu kilichofuata anawarudisha duniani kwa kuwaangusha katika Bahari ya Pasifiki. Apollo 8 ya mwaka 1968 nayo ilibeba watu watatu, ikaondoka Florida, ikauzunguka mwezi na kuangukia Pasifiki. Mfanano huu umetajwa mara nyingi mno, na aghalabu bila kuuliza sababu. Verne alichagua Florida kwa kuwa alitaka mahali ambapo mwezi hupita utosini, na katika Marekani mahali pa namna hiyo ni pachache. Wahandisi wa karne ya 20 walichagua pwani hiyo kwa sababu roketi irushwayo kuelekea mashariki, karibu na ikweta, husaidiwa na mzunguko wa dunia, nayo ikiharibika huangukia baharini. Sababu hiyo hiyo ya ikweta ndiyo iliyowaleta Waitaliano katika pwani ya Malindi, ambako setilaiti Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Hesabu za Verne na za wahandisi, basi, zilikutana mahali pamoja kwa njia mbalimbali.

Kasi aliyoitaja, takriban kilomita 11 kwa sekunde, ni sahihi. Chombo chake si sahihi hata kidogo: mzinga wa futi 900 ungewaponda abiria wake papo hapo. Hata hivyo, kosa hili lilizaa matunda. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule wa Kirusi, alikiri kwamba Verne ndiye aliyemwamsha. Akaupima mzinga, akauona hauwezekani, na mwaka 1903 akachapisha hesabu za roketi. Angalau katika mfano huu, mwandishi alisaidia zaidi kwa kukosea hadharani, kwa tarakimu zinazoweza kukaguliwa, kuliko ambavyo angesaidia kwa kupatia gizani.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa H. G. Wells. Mwaka 1914, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kuanza, Wells alitoa The World Set Free, riwaya ambamo miji inateketezwa kwa mabomu ya atomi. Jina hilo ni lake. Kama riwaya, kazi hii ni dhaifu: wahusika hawana mwili, na nusu ya kitabu ni hotuba. Mabomu yenyewe hayafanani na yaliyokuja kutengenezwa, kwani hurushwa kwa mikono kutoka katika ndege, na huendelea kulipuka kwa siku nyingi bila kukoma. Wala Wells hakuota haya yote. Alikuwa amekisoma kitabu cha mwanakemia Frederick Soddy kuhusu radiamu, kilichotoka 1909, na hakuficha. Alimtunukia Soddy riwaya yake. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo wanasayansi wengi wa wakati wake hawakuliuliza: nguvu hii ikifunguliwa, ni nani atakayeishika?

Mwaka 1932, mwanafizikia wa Kihungaria Leo Szilard aliisoma riwaya hiyo. Mwaka uliofuata, akiwa mkimbizi jijini London, alisoma katika gazeti kwamba Rutherford ameyaita matarajio ya kupata nguvu kutoka katika atomi kuwa ni maneno ya upuuzi. Neno hilo lilimkera. Mnamo Septemba 1933, akitembea barabarani, alifikia wazo la mmenyuko mfululizo wa nyuklia. Mwaka 1934 aliomba hataza, na mwaka 1936 akaikabidhi kwa idara ya jeshi la majini la Uingereza ili isitangazwe. Na baadaye alieleza kwamba alijua maana ya ugunduzi huo kwa kuwa alikwisha kumsoma Wells.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusimama. Riwaya haikumpa Szilard fizikia. Nyutroni, ambayo wazo lake lote linaitegemea, iligunduliwa na Chadwick mwaka 1932, miaka 18 baada ya riwaya kuchapishwa. Riwaya ilimpa woga, na kuumba woga wa namna hiyo ni kazi ya fasihi. Alipolitazama wazo lake mwenyewe alikwisha kuiona miji inaungua, kwa sababu kuna mtu aliyekwisha kuichoma katika karatasi. Lakini tusidai makubwa. Woga huo huo uliomfanya afiche hataza ulimsukuma mwaka 1939 aandae barua, iliyotiwa sahihi na Einstein, ya kumhimiza Rais Roosevelt, kwa hofu kwamba Wajerumani watatangulia. Na ukamsukuma tena Julai 1945 akusanye sahihi za wanasayansi 70, yake ikiwemo, kupinga kutumiwa kwa bomu hilo dhidi ya Japani bila masharti. Ombi hilo halikuzuia lolote. Riwaya moja iliongoza mkono mmoja pande mbili.

Fauka ya hayo, kuna kisa cha Cleve Cartmill, ambacho kingefaa kumaliza ubishi wa unabii. Machi 1944 jarida moja la Marekani lilichapa hadithi yake iliyoeleza bomu la urani, na maafisa wa usalama wakamwendea mhariri, John W. Campbell, wakidhani siri ya vita imevuja. Hapakuwa na siri. Kila kilichosemwa kilikuwa kimechapishwa katika majarida ya sayansi kabla ya vita. Kama hadithi, hiyo ni dhaifu kuliko hata riwaya ya Wells, na husomwa leo kwa sababu ya maafisa hao tu.

Arthur C. Clarke, katika makala ya kiufundi ya Oktoba 1945, alionyesha kwamba vituo vitatu vilivyo juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000, vyaweza kueneza mawasiliano duniani kote. Mwaka 1963 setilaiti ya namna hiyo ilipitisha mazungumzo ya Rais Kennedy na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa. Lakini Clarke aliwaweka watu ndani ya vituo vyake, maana redio za wakati huo zilitumia valvu za kioo ambazo sharti awepo mtu wa kuzibadilisha. Transista ilikuja miaka miwili baadaye. Aliona mbali kilomita 36,000, asione kitu kidogo kuliko ukucha. Vivyo hivyo William Gibson, katika Neuromancer ya mwaka 1984, aliujenga ulimwengu mzima wa tarakilishi zilizounganishwa, huku wahusika wake wakiendelea kuitwa kwa simu za ukutani.

E. M. Forster hakuwa mtu wa mitambo. Hata hivyo The Machine Stops, hadithi yake ya mwaka 1909, inasomeka leo kwa mshtuko kuliko zote zilizotajwa. Watu wake wanaishi kila mmoja chumbani mwake chini ya ardhi, wanaonana katika sahani zing'aazo, wanahutubiana bila kukutana, na mama anaona karaha kumsafiria mwanawe. Walimu waliofundisha kwa kioo cha tarakilishi mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa zaidi. Forster hakueleza mtambo unavyofanya kazi, naye kwa kipimo kilichowekwa hapo juu ni mdeni. Ila alilipa kwa sarafu nyingine, kwa kuonyesha tabia gani itazaliwa na mtambo huo.

Kwa Kiswahili, kazi inayostahili kuwekwa kando ya hii ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995. Chombo cha angani kilichokusudiwa kumwua Dzombo ndicho kinachomfikisha katika sayari ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasema wale ni sisi. Wahakiki wameisoma kama istiara ya kisiasa, na wamefanya sawa. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na jamii ndiyo iliyomshughulisha. Ila chombo chenyewe kimepitwa haraka mno. Serikali inayowaua watu wake kwa kuwarusha angani ni wazo la kutisha, nalo lilidai maswali ya Verne: nani alikiunda, kwa fedha za nani, na mafundi wake walilala vipi usiku?

Liko pia suala la maneno. Karel Čapek, katika tamthilia yake ya mwaka 1920, aliwaita wafanyakazi wa kuundwa kiwandani kwa jina ambalo ndugu yake Josef alimpa, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Mcheki alipolisikia, alisikia uonevu. Kiswahili kimelipokea kama roboti, neno lisilo na jeraha, ilhali neno shokoa limo kamusini, nalo bado linakumbukwa na wazee ambao baba zao walichimba barabara za wakoloni bila ujira. Mwandishi wa Kiswahili atakayewaita watumishi wa chuma watu wa shokoa atakuwa ameanza riwaya yake pale pale Čapek alipoanzia.