Ipindue Kwanza: Mwongozo wa Kuchagua Samani Iliyotumika

Meza bora kuliko zote nilizowahi kununua mjini Bariadi niliikuta uani, Somanda, kuku wametagia chini yake. Ilipakwa rangi ya bluu ikababuka, katikati ina alama nyeusi ya sufuria, na mguu mmoja unacheza. Mama mwenye nyumba aliona haya hata kutaja bei. Nikaipindua. Kule chini, mahali ambapo brashi ya rangi haikufika, mbao ilikuwa ya rangi ya asali yenye michirizi ya kahawia iliyokolea. Ilikuwa mninga mtupu, na kila mguu umeingizwa kwenye fremu kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja.

Kabati baya kuliko yote nililinunua mwaka uleule, kando ya barabara, liking'aa kwa vanishi mpya. Mgongo wake sikuugusa. Kiangazi kilipoingia vanishi ikachubuka kwenye kona, na chini yake ikatokea paini nyeupe iliyopakwa rangi ya mninga, milango imejikunja na haifungi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye samani iliyotumika methali hiyo hugeuka: kibaya huvikwa vanishi na kusimamishwa barabarani, kizuri kimelala uani na kuku. Ndiyo maana mwongozo huu wote unatokana na tendo moja: kabla hujaitazama usoni, ipindue.

Msitu wetu uko majumbani

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, lakini habari ya miti yake ni ya zamani zaidi. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza vichaka vya Usukuma vifyekwe ili kumfukuza mbung'o; baadaye mashamba ya pamba na mifugo yakala kilichobaki. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, yale maeneo yanayofungwa ili majani na miti vichipue, katika Shinyanga ya wakati ule, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwemo. Ngitili zimeturudishia malisho, kuni na nguzo, na hiyo ni neema kubwa. Lakini migunga inayoota humo haitoi mbao pana za kabati. Mninga anaouranda seremala wa Bariadi husafiri kutoka upande wa Tabora na Katavi, na paini hutoka kwenye mashamba ya kupandwa kama Sao Hill, Mufindi.

Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kwa hiyo anayeokoa meza ya mninga anavuna mti uliokwisha kukatwa, bila kuinua shoka jingine. Tena mbao iliyokaa ndani ya nyumba miaka 30 imeshakauka na kujikunja kadiri ilivyotaka. Imetulia. Mbao mbichi ya leo, iliyoteremshwa kwenye lori wiki iliyopita, bado haijaamua itakaa vipi.

Pa kutafuta, na wakati wake

Bariadi ni makao makuu ya mkoa, na mji wa namna hiyo hupokea na kuaga watumishi kila mwaka. Mwalimu au muuguzi aliyepata uhamisho wa kwenda Mtwara hawezi kulipa lori kwa ajili ya kabati moja. Huuza ndani ya siku chache, na mara nyingi huuza vitu alivyovitunza. Chanzo cha pili ni minada ya mali chakavu za taasisi, ambako meza nzito za ofisi hutolewa kwa sababu tu droo imekwama. Cha tatu ni nyumba za wazee kule Maswa, Itilima na Meatu, ambako kitanda cha harusi cha bibi kimewekwa stoo tangu wajukuu walete cha chuma.

Ukiingia kwa wazee hao, biashara isitangulie salamu. Amkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", kaa, pokea maji, uliza habari za mvua na za mifugo. Kisha uliza ile meza ilitoka wapi, fundi alikuwa nani, ilikuja kabla au baada ya mtoto yupi. Majibu hayo ni sehemu ya thamani ya kitu, nawe utayahitaji siku ya kuuza.

Majira nayo yanaamua bei. Januari kuna mahitaji ya shule, kuna palizi, na ghala limepungua. Wauzaji ni wengi na wanunuzi hawapo. Msimu wa pamba hufunguliwa kuanzia Mei, na pesa yake huonekana mjini katikati ya mwaka, pamoja na harusi. Anayejua kazi hununua mwanzoni mwa mwaka, hutengeneza wakati wa mvua na kuuza kiangazi. Ila akumbuke kwamba mvua huficha kasoro. Mbao iliyovimba kwa unyevu hubana viungo vyake, ikifika Julai inasinyaa na nyufa zinafunguka. Kitu ulichonunua masika kipe muda kikauke kivulini kabla hujakiwekea gundi.

Ijue mbao

Tazama mahali pasipopakwa rangi: chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya nafasi ya mtoto wa meza. Kwangua kidogo kwa ukucha au kisu mahali pasipoonekana.

*Mninga* una rangi ya dhahabu hadi kahawia nyekundu, wenye michirizi, na uzito wa wastani. Husinyaa kidogo sana, na kiini chake mchwa hawakipendi. *Mkongo* ni mwekundu zaidi na mzito. Meza yake ya watu sita huhitaji watu wawili kuibeba kweli. *Mvule* huanza na unjano kisha ukaiva kuwa kahawia, na ndani yake huweza kuwa na vijiwe vigumu vinavyoua makali ya msumeno. *Mtiki* una mafuta. Upitishe kidole palipokwanguliwa, utahisi ulaini kama wa nta. *Paini* ni nyepesi, nyeupe, yenye vifundo vya duara. *Mkaratusi* ni mzito lakini hupinda na kupasuka. Uzito wake huwadanganya wengi.

Paini si mbao ya aibu. Rafu ya paini iliyoundwa vizuri itamtumikia mtu miaka mingi. Kosa ni kuilipia bei ya mninga. Kuitambua ni rahisi: tafuta mkwaruzo. Mninga ukikwaruzwa, chini yake ni mninga. Paini iliyopakwa rangi ikikwaruzwa inatoa mstari mweupe. Kisha angalia kichwa cha mbao, pale iliposhuka msumeno, uone kama rangi imeingia ndani au imekaa juu tu.

Hata kwenye mninga, tofautisha kiini na ile sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome la mti. Sehemu nyeupe ina wanga, na wanga ndio chakula cha dumuzi. Fundi mwaminifu huikata akaitupa. Fundi wa haraka huiacha, akaigeuzia ukutani.

Kuhusu chipbodi na mbao za unga uliogandishwa, niseme kwa ufupi: zikishavimba kwa maji hazirudi, na tundu la skrubu likishalegea halishiki tena. Acha.

Viungo ndivyo vinavyosema ukweli

Shika meza kwa kona mbili za mshazari, uitikise. Ikicheza, tafuta inapocheza. Kiungo cha ulimi na tundu kilicholegea ni habari njema, kwa sababu kinafunguka, kinasafishwa, kinaunganishwa upya na kitaishi kuliko wewe. Kiungo kilichopigwa misumari juu ya kulegea ni habari mbaya: msumari umeshapasua ulimi, na kila aliyekuja baadaye ameongeza mwingine.

Vuta droo yote hadi nje. Kona zake zikiwa zimeunganishwa kwa meno yaliyochongwa kama mkia wa njiwa, umekutana na fundi aliyejiheshimu. Gusa sakafu ya droo: plaiwudi iliyoingizwa kwenye mfereji ni nzuri, hadibodi iliyogongewa chini itadondosha sahani zako. Kisha irudishe. Droo nzuri huingia kwa kusukumwa na kidole kimoja, katikati.

Kitanda kipime kwa mifumbati, si kwa kichwa chenye maua. Mifumbati ya 5 kwa 6 lazima iwe minyoofu. Chungulia kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho, kama seremala anavyochungulia mbao. Chaga zihesabu, na matendegu uyaangalie chini kabisa, yanapogusa sakafu, maana maji ya kupigia deki na mchwa wote huanzia hapo.

Kochi nalo linyanyue mguu mmoja wa mbele kwa kimo cha kiganja. Mguu wa pili ukinyanyuka papo hapo, fremu ni imara. Ukibaki chini, fremu inajinyonga, na kitambaa kipya hakitaiponya. Chunguza mishono ya mito na mikunjo ya mgongoni utafute kunguni: madoa meusi kama wino, maganda mepesi ya kahawia. Ukiwaona, hakuna bei iliyo ndogo ya kutosha.

Matundu ya wadudu

Tundu peke yake si hukumu. Uliza kama mdudu bado yumo. Tundu la zamani lina vumbi na weusi. Tundu hai lina unga mweupe mpya. Gonga samani kwa kiganja juu ya karatasi nyeusi, au ilaze juu yake siku mbili. Unga ukidondoka, kazi inaendelea ndani. Chomeka kisu: kikizama kwa urahisi, mbao imebaki ganda.

Samani yenye matundu machache kwenye sehemu nyeupe huponyeka. Piga dawa ya wadudu wa mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, funga kwa nailoni, rudia baada ya wiki mbili. Usipake oili chafu. Inafaa nguzo ya uzio, lakini kwenye samani huingia ndani na vanishi haitashika hapo tena.

Kutengeneza: gusa panapouma tu

Kosa kubwa la wanaoanza ni kutengeneza kupita kiasi. Weka mpangilio: kwanza viungo, kisha nyufa, mwisho uso.

Kiungo kifungue taratibu kwa nyundo ya mbao. Kwangua gundi yote ya zamani, maana gundi mpya hushika mbao, haishiki gundi iliyokufa. Paka, unganisha, kisha funga. Kama huna vibano, kata mpira wa tyubu ya baiskeli, uzungushe kwa nguvu kama bandeji na uache siku nzima. Baiskeli zimejaa Usukuma. Kibano hiki hakimkosi mtu.

Uso uanze na msasa namba 80 palipoharibika tu, halafu 120, 180, umalizie 240, daima kufuata nyuzi za mbao. Mkwaruzo wa kukata nyuzi hauonekani mkavu. Ukipaka vanishi unajitokeza wote. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na risasi: ilainishe kwa maji unaposugua, vaa barakoa na uwaweke watoto mbali. Paka sila, isugue kidogo, kisha vanishi nyembamba mara tatu, badala ya nzito mara moja.

Na kuna vitu visivyoguswa. Kigoda cha Kisukuma kilichochongwa kwa gogo moja hakina kiungo cha kulegea. Fundi alitoa kiti kutoka ndani ya mti. Katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi, ujue heshima ya kiti hicho. Weusi wake unaong'aa umeletwa na mikono na nguo za watu kwa miaka. Msasa wa dakika kumi unaufuta, na hakuna chupa inayouuza. Kifute kwa kitambaa kikavu, upake nta kidogo, basi.

Bei na neno la mwisho

Andika kila senti. Tuseme meza umeinunua 40,000, guta 8,000, msasa, gundi, sila na vanishi 30,000, na fundi siku tatu kwa 15,000 kila siku. Umeshatumia 123,000. Ukiiuza 130,000 kwa sababu "nilinunua 40,000", umefanya kazi ya sadaka bila kujua. Hesabu pia ile moja katika kumi itakayokuharibikia mkononi.

Kila ununuzi uwe na hati ya mauziano, shahidi na saini, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kupatikana na mali ya wizi kunaweza kukutia matatani, hata kama ulilipa.

Mteja akija, mwambie mbao ni gani, kipi kimebadilishwa, matundu yalikuwa wapi na uliyatibu lini. Yule mama wa Somanda nilimwambia ukweli kuhusu meza yake kabla sijailipa, nikamwongezea juu ya bei aliyoitaja hatimaye. Tangu hapo majirani zake wananiita mimi kwanza. Nilipoiuza, mnunuzi aliusifu uso wake uliorudi kung'aa. Nilimwomba anisaidie kushika upande mmoja, tukaipindua pamoja, akapiga magoti sakafuni na kuanza kusoma viungo kimoja kimoja kwa kidole.