Kiwimbi kilichopotea Kutus: Kosa si la mashine, ni la uteuzi wa zana

JUZI nilikabidhiwa na familia moja hapa Kutus kazi ya kuhariri kijitabu cha mazishi. Kilikuwa cha lugha tatu: wasifu wa marehemu kwa Kiingereza, ratiba kwa Kiswahili, salamu za jamaa na nyimbo kwa Gĩkũyũ. Nilichapa yote kwenye kipakatalishi changu, nikahakiki, nikapeleka faili kwa saiba moja mjini jioni ya kuamkia maziko.

Asubuhi vijitabu vilipogawanywa, nilitamani ardhi inimeze. Jaladani, jina la marehemu lilikuwa na visanduku vitupu mahali pa ũ. Kurasa za ndani, viwimbi vyote vilikuwa vimenyolewa. Kijana wa saiba hakuona tatizo: “Mwalimu, hii mashini haijui hizo vitu. Hapo ndani nilitoa tu, watu wataelewa.”

Je, wataelewa? Gĩkũyũ ina irabu saba ilhali alfabeti ya Kirumi ina tano. Kiwimbi si pambo. Ndicho kinachotofautisha irabu mbili za ziada. Gũtũma ni kutuma, gũtuma ni kushona. Ukiondoa viwimbi, mzee aliyetumwa na kanisa lake anaweza kusomeka kama aliyeshonwa. Msomaji hodari atakisia kutokana na muktadha. Mtoto wa gredi ya pili anayejifunza kusoma lugha ya mama atakisia nini?

Hoja kwamba mashine haijui ilikuwa na ukweli zamani. Jedwali la herufi lililotumiwa na kompyuta nyingi kwa lugha za Ulaya Magharibi lilikuwa na ã, ñ na õ kwa ajili ya Mreno na Mhispania, lakini ĩ na ũ hazikuwemo. Ndiyo maana wengine waliandika î na û, na wengine wakatumia fonti zilizovisha herufi nyingine umbo la kiwimbi. Faili kama hiyo ikihamia kompyuta isiyo na fonti ile, vazi linavuka. Tangu miaka ya 1990, Yunikodi imezipa ĩ na ũ namba zao. Kompyuta ya Kutus inazijua vizuri sana. Isiyozijua ni ile fonti ya mapambo tunayoichagua kwa sababu eti inapendeza jaladani.

Kuna tatizo la pili ambalo halionekani upesi. Katika programu tulizozoea, tunavisha maneno sura: hili likozwe, lile liinamishwe. Hatuiambii mashine kwamba aya hii ni ya Kiswahili na ile ni ya Kiingereza. Matokeo yake, neno la Kiswahili likifika ukingoni hukatwa kwa kanuni za Kiingereza: wanan-chi badala ya wana-nchi, kana kwamba silabi zetu hufungwa kwa konsonanti popote.

Hapa ndipo zana za alama zinapofaa. Donald Knuth alianza kuunda TeX mwishoni mwa miaka ya 1970. Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake miaka ya 1980. Humo mwandishi hutaja kila kipande ni nini, kichwa, ubeti au nukuu, na ni cha lugha gani, kisha programu ndiyo inayopanga ukurasa. Mwaka 2004 Jonathan Kew alitoa XeTeX, inayosoma Yunikodi na fonti za kawaida za kompyuta. Zana hizi hazilipiwi.

Hata hivyo, sikubaliani na wasomi wanaotaka kila mtu ahamie huko. Kijana mwenye foleni ya wateja na maziko ya kesho hawezi kuanza kujifunza amri za LaTeX usiku. Kwa kamusi, tasnifu au kitabu cha kiada cha lugha mbili, ambacho kitarekebishwa na kuchapishwa tena, gharama ya kujifunza italipa. Kwa kijitabu cha kurasa nane, yatosha kuchagua fonti yenye ĩ na ũ, kama Gentium au Charis za SIL, kutaja lugha ya kila aya, na kupeleka PDF iliyobeba fonti zake ndani.

Hilo la mwisho ndilo nililokosa kufanya mimi. Nilipeleka faili wazi, nikaiachia kompyuta nyingine iamue. Na nilipofungua ujumbe wa simu niliotumia familia nikithibitisha jina la marehemu, nilikuta nami nimeliandika bila kiwimbi hata kimoja. Kijana aliiga alichokiona kwa mwalimu.

Tukitaka wachapishaji wa mitaani waheshimu lugha zetu, tuanze kwa kuziandika kikamilifu sisi wenyewe, hata kwenye simu. Jina la marehemu huchapishwa hivyo mara moja tu.