Mwanzo umo, mwisho haumo

"Kaka, programu yako inadanganya." Ujumbe huo ulitoka kwa mwenzangu niliyemwomba anijaribie programu ndogo niliyoiandika kwa Python, ya kupima msongamano wa namba tasa. Aliiuliza kuhusu 10,000, ikamjibu 0.1229. Yeye alikuwa ameshika orodha na kalamu, akahesabu kutoka 9,000 hadi 10,000, akapata namba tasa 112. Kwake hiyo ni 0.112, na hakuelewa ile nyingine imetoka wapi.

Hakuna aliyekosea kuhesabu. Hadi 10,000 zipo namba tasa 1,229, na programu ilizigawa kwa 10,000. Ilitoa wastani wa safari nzima, wakati yeye aliangalia pale tu alipokuwa amesimama. Kosa lilikuwa kwenye mwongozo, ambamo nilikuwa nimeandika sentensi moja na kuridhika nayo: "Programu hii hupima msongamano wa namba tasa." Msongamano upi? Sikusema.

Swali hilo ni la zamani. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alimsimulia mwanaastronomia Encke katika barua ya mwaka 1849 kwamba tangu ujana wake alikuwa na mazoea ya kuzihesabu namba tasa elfu kwa elfu. Elfu ya kwanza ina 168, ya pili 135, ya tatu 127, ya nne 120. Zinapungua, lakini kwa mwendo wa kobe. Gauss akaona kwamba ukifika mahali fulani, msongamano wa hapo hukaribia 1 ukigawanya kwa logi asilia ya namba ya mahali hapo. Chukua elfu ya pili: katikati yake ni 1,500, logi asilia yake ni 7.313, na 1 ukigawanya kwa hiyo unapata 0.1367. Hesabu halisi ni 0.135. Lakini ukimpa mtu wastani wa kuanzia mwanzo huku yeye anaulinganisha na kanuni hiyo, kila mara ataona umezidi, kwa sababu wastani bado umebeba utajiri wa namba ndogo. Nikaigawa amri iliyokuwa moja zikawa mbili, *wastani* na *mahali*, na kila moja nikaiwekea mfano wa 10,000.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa ndiyo inaanza, maana nilipoandika mfano wa kuzigawa namba katika mafungu kama ya Gauss ilinibidi nieleze fungu linaanzia wapi na kuishia wapi. Nikaufungua msimbo kuhakikisha, nikakuta unazihesabu ncha zote mbili. Namba iliyoko mpakani ilikuwa inaingia kwenye fungu linaloisha na kwenye lile linaloanza.

Mbona majaribio yote yalikuwa yamepita? Kwa sababu nilikuwa najaribu kama Gauss, kuanzia 0, kwa mafungu ya 1,000. Mipaka yake ni 1,000, 2,000, 3,000 na kuendelea, na hakuna hata mmoja ulio namba tasa. Kosa lilikuwa limejificha nyuma ya sifuri. Anzia 1 uone. Mipaka inakuwa 1,001, ambayo ni 7 mara 11 mara 13. Kisha 2,001, inayogawanyika kwa 3. Halafu 3,001, ambayo ni tasa. Zimo pia 4,001, 7,001 na 9,001. Mafungu kumi yakijumlishwa yanatoa 1,233 badala ya 1,229: namba nne zimehesabiwa mara mbili. Nikaurekebisha msimbo, na kwenye mwongozo nikaandika maneno manne ambayo naona ndiyo yenye thamani kuliko yote yaliyomo: mwanzo umo, mwisho haumo.

Kuhusu kasi sikuandika mengi. Hiyo kila mtu ataipima kwenye kompyuta yake. Nililoona linahitaji maelezo ni mstari mmoja wa ajabu ndani ya msimbo, unaoongeza 3 kwenye jumla bila sababu ya kuonekana. Chekeche la Eratosthenes, yaani njia ya kuzipata namba tasa kwa kuzifuta zile zinazogawanyika, likiandikwa kizembe hutumia baiti moja kwa kila namba, na kufika bilioni moja kunataka baiti bilioni moja. Lakini namba tasa yoyote iliyo kubwa kuliko 5, ukiigawanya kwa 30, lazima ibakize 1, 7, 11, 13, 17, 19, 23 au 29. Ni mabaki manane tu, na baiti ina biti nane. Kwa hiyo baiti moja inabeba namba 30, na bilioni nzima inaingia kwenye baiti milioni 33 na ushei. Programu ya primesieve ya Kim Walisch hupanga namba zake hivyohivyo. Gharama yake ni kwamba 2, 3 na 5 hazina pa kukaa chekecheni, zinaongezwa kwa mkono. Asiyelijua hilo atakuja siku moja, ataona ile 3 inaning'inia, na ataifuta kwa nia njema.

Mwisho niliweka jedwali la majibu ya kulinganisha. Wapo wanaoona jedwali ni pambo. Lakini mwanahisabati Meissel alitoa idadi ya namba tasa hadi bilioni moja mwaka 1885, ikapungua kwa 56. Jibu sahihi ni 50,847,534. Mwanahisabati mwingine, Lehmer, ndiye aliyeisahihisha mwaka 1959 kwa msaada wa kompyuta ya IBM 701, lakini alipofika bilioni kumi naye akapata 455,052,512, imezidi kwa moja. Kosa la moja halionekani kwa macho wala kwenye grafu. Linaonekana tu pale penye namba nyingine ya kuilinganisha nayo.

Kwa hiyo mstari wa mwisho wa jedwali langu hauna hata bilioni. Unasema: anzia 1, mafungu kumi ya 1,000, jumla 1,229. Ukipata 1,233, unatumia toleo la kwanza.